Kishikio cha Tanuri la Mama Sikudhani

Mtu mmoja alikuwa na karakana ya kulehemu, na jina lake Mwinjaka. Aliamini kuwa hakuna vitu visivyoungika, mradi moto uwe mkali. Hata ndugu zake walipogombana aliwafungia chumba kimoja mpaka wapatane. Walipotoka, mmoja alihama mji.

Mama Sikudhani, mwoka mikate, alimletea mlango wa tanuri lake. Ulikuwa bamba la udongo mgumu uliochanganywa na nyuzi, kitu kisichotanuka kwa joto wala kusinyaa kwa baridi. Alitaka uwekwe kishikio cha chuma, kwa kuwa alikuwa na mikate ya harusi ya kuoka.

Mwinjaka aliyeyusha lehemu kati ya chuma na bamba, vikashikana barabara. Akauinua mlango kwa kishikio chake, akawaita majirani. Walikuwa bado wanamsifu, chuma kilipozidi kupoa na kusinyaa, na bamba likakataa kukifuata. Mlango ukamwangukia kwenye vidole vya mguu.

Akarudia kwa lehemu nyingi zaidi na moto mkali zaidi, akaupeleka mlango mwenyewe, akichechemea. Siku ya harusi, asubuhi, Mama Sikudhani akaja amejaa unga mpaka kwenye kope, mkononi ana kishikio kilichong'oka na kipande cha bamba.

"Fundi, kishikio nimekuletea. Mlango umebaki kule, na mikate iko ndani."

Mwinjaka alikigeuzageuza kile kishikio, uso ukamkunjuka. "Lakini tazama, mama. Lehemu yangu haikuachia."

Mkewe, Zamoyoni, alikuwa anamimina chai. Akasema bila kuinua macho, "Haikuachia, ndiyo maana imeng'oa."

Mwinjaka alikunywa chai yake amenuna. Kisha akaenda kuuleta mlango, akakata kipande chembamba cha shaba laini, akakiweka kati ya chuma na bamba, akalehemu shaba kwa chuma upande huu na shaba kwa bamba upande ule, akaufukia mlango majivuni upoe taratibu. Chuma kikasinyaa kama kilivyozoea, bamba likakaa kama lilivyozoea, na shaba ikanyumbuka katikati yao. Jioni harusi ilipata mikate. Ile ya asubuhi, iliyokuwa mkaa mtupu, Mama Sikudhani alimletea fundi kwenye sinia, naye akaitafuna.

Nawe uliyemshika mwenzako ukaapa kwamba humwachii, katikati yenu umeweka nini kilicho laini?