Mama Aliyesimama Mahali pa Wafiwa

Sabato njema, ndugu zangu. Nanyi mliokaa karibu na dirisha, lifungeni tafadhali, baridi ya huku mlimani haina adabu. Haya. Na watoto wapakatwe.

Tangu redio zianze kutangaza vita mmekuwa mnanijia mmoja mmoja. Mwalimu, ujasiri wa vitani ni kitu gani? Mwalimu, na sisi Wayahudi tulio wachache hivi, yakitufika tutafanyaje? Nikawaambia ngojeni Sabato. Sasa Sabato imefika, nitawapigia mfano, na atakayesinzia nitamtaja kwa jina, hata awe mzee kuliko mimi.

Palikuwa na mama mmoja katika mji mdogo wa mpakani. Mji gani, msiniulize. Vita gani, msiniulize pia. Ulikuwa mji wenye sinagogi moja la mawe na Wayahudi wasiojaa hata hilo sinagogi lenyewe. Mama huyu alikuwa mjane, na alikuwa na mwana mmoja tu aitwaye Asafu. Basi mji mzima ulimwita Mama Asafu, na nadhani hata yeye alishasahau jina alilopewa na baba yake. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate ya Sabato, ile ya kusuka, na kila Ijumaa aliiuza dirishani kwake. Watu wakija kununua walikuwa hawaondoki. Wataegemea dirisha, watateta, watacheka, mpaka mama awafukuze kwa kitambaa cha unga.

Vita vikaja. Vijana wakaitwa, na Asafu akaenda na wenzake. Mwanzo alikuwa akituma salamu kwa kila anayerudi. Kisha salamu zikakatika. Kikosi chake kiliingia bondeni, kikatoka bila yeye. Kwenye majeruhi hakuonekana, kwenye maiti hakuonekana, na adui hakusema kama amemteka. Afisa mmoja alikuja mpaka mlangoni, akavua kofia, akasema, "Mama, kwa kweli hatujui," akaivaa kofia yake akaondoka.

Hatujui. Ndugu zangu, mmewahi kupewa neno hilo mkalale nalo?

Sasa, humu tuna wageni leo, niwaeleze utaratibu wetu. Kwetu mtu akifiwa hukaa nyumbani siku saba, na majirani humletea chakula, kwa sababu mfiwa hapiki. Ijumaa jioni hutoka kuja sinagogi, lakini haingii. Husimama nje ya mlango wakati wenzake wanaimba kuikaribisha Sabato. Ubeti wa mwisho ukifika, watu wote hugeuka kuutazama mlango, maana Sabato inaingia kama bibi arusi. Hapo ndipo mfiwa naye anaingia, na wote humwambia, Mungu akufariji pamoja na wote waombolezao. Utaratibu mzuri, au sivyo? Hakuna mfiwa anayeingia bila mtu kumtazama.

Kumbe ule mji ulikuwa na maneno kwa kila mtu. Aliyefiwa, waliyajua maneno yake. Aliyejifungua, waliyajua. Aliyeugua, aliyepona, aliyesafiri, wote walikuwa na maneno yao. Na askari waliombewa dua kila wiki, Asafu akiwemo. Lakini ukikutana na mama yake sokoni, ana kwa ana, utamwambia nini? Pole? Pole ya nini, umemuua mtoto wa watu? Usijali, atarudi? Wewe umejuaje? Basi watu wakaona heri kupita njia nyingine.

Hata kumwita ikawa kazi, maana jina lake ndilo hilo la mwanawe. Wakaanza kusema "mama" tu, wakalimeza lililobaki. Dirishani wakawa wanachukua mkate, wanasema asante, hao, kama wameiba. Yeye alikuwa akibaki na mikono yake ya unga akiwatazama migongo. Hakuwa mjinga. Alijua hawamchukii. Alijua wanamwogopa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Nitawaambia jambo, na msimhukumu. Aliwaonea wivu wafiwa. Mungu amsamehe, aliwaonea wivu! Jirani yake Mama Milka alipoletewa habari kwamba kijana wake ameuawa, nyumba ilijaa. Watu walikaa naye sakafuni, wakampikia dengu na mayai, wakalia naye mpaka sauti zikakauka. Mama Asafu alikuwa pale akiosha vyombo jikoni, akawaza moyoni, laiti na mimi ningekaliwa hivi. Halafu akaelewa amewaza nini. Akaiacha sahani ndani ya maji, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kwake kulia peke yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Na wakasema pia, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sawa. Na asiyefiwa wala asiyepona, kilio chake kianzwe na nani?

Basi Ijumaa moja akafika sinagogi mapema. Upande wa wanawake kulikuwa na kina mama wawili wanazungumza. Walipomwona wakanyamaza, wakasogea ili apate nafasi. Wakasogea, wakasogea, mpaka nafasi ile ingetosha familia nzima. Akakaa katikati ya benchi tupu. Wimbo ulipoanza, akataka kuimba na koo likakataa. Akaona hapana, afadhali nikapate hewa. Akatoka nje, akaketi kwenye jiwe kando ya mlango, akafunika uso kwa mtandio.

Mnaona alipoketi? Yeye hakuona. Mtu aliyejaa huzuni hatazami ameketi wapi. Aliketi mahali pa wafiwa.

Wakati ule jeshi lilikuwa limetoa amri: jua likizama taa isionekane nje, na watu wasikusanyike uwanjani, kwa kuhofia ndege za adui. Mlango wa sinagogi ulikuwa umetundikwa blanketi zito, na ulifunguliwa kwa ule ubeti wa mwisho tu, kisha unafungwa haraka. Mama Asafu alisikia ubeti unakaribia, akashtuka, akainuka aingie kabla haujafika. Alichelewa. Mlango ukafunguliwa, watu wote wakageuka, na nani amesimama pale mahali pa wafiwa?

Mwanamke mmoja ndani akapiga ukelele. "Ole wetu! Asafu!"

Wimbo ukakatika. Watu wakaanza kulia. Wote waliamini habari imefika. Rabi, mzee wa watu, akasogea hatua mbili tatu kuelekea mlangoni, macho yamejaa machozi, akafungua kinywa aseme yale maneno ya faraja.

"Usiseme!" Mama Asafu alimpigia kelele rabi. Rabi, jamani! "Rabi, nakuomba kwa jina la Mungu, usiyaseme hayo maneno. Mwanangu hajafa. Sina habari. Nilitoka kupunga hewa tu."

Rabi akajishika kifua. "Mungu ashukuriwe. Basi ingia, mama. Ingia tuendelee."

Hakuingia. Mguu ulikuwa umeshafika kizingitini, akaurudisha.

"Niingie kama nani?" akauliza. "Kwa mlango huu na wakati huu wanaingia wafiwa. Nikiingia mkanifariji, nimemzika mwanangu kwa miguu yangu mwenyewe. Nikiingia msiponifariji, nitarudi kwenye lile benchi. Kule mmeniacha peke yangu wiki baada ya wiki. Niambieni ninyi, niingie kama nani?"

Wasomi walikuwemo mle ndani, watu wanaojua sheria nyuma na mbele. Kila mmoja akatazama viatu vyake. Mtunza mlango akaanza kuhangaika, maana mwanga wa taa ulikuwa unamwagika mpaka uwanjani na giza linaingia. "Jamani, amri! Mama, tafadhali, ama ndani ama nje, nafunga mlango."

"Funga," akasema yule mama. Akageuka, akarudi kusimama kando ya jiwe, mikono ameikunja kifuani. Alijua kwamba mlango ule ukifungwa yeye akiwa nje, hatakuja tena, wala wiki ijayo, wala siku nyingine. Atakuwa mama wa dirishani mpaka afe.

Mtunza mlango akashika blanketi.

Hapo Mama Milka akainuka. Akajitanda shuka, akatoka upande wa wanawake, akakatiza katikati ya wanaume, jambo lisilofanyika, akaenda moja kwa moja mlangoni.

Rabi akasema, "Mama Milka, unakwenda wapi? Nje hakuruhusiwi."

"Rabi, mimi nilipofiwa mlinipa maneno, nanyi mnajua ninavyowashukuru. Huyu hamna maneno ya kumpa. Nami sina. Nakwenda kusimama."

Akatoka. Akasimama bega kwa bega na Mama Asafu, wala hakumtazama usoni, alitazama mbele tu kama wanangoja kitu pamoja. Akafuata mwuza nyama. Wakafuata wale kina mama wawili wa benchi, wanalia kwa aibu. Akafuata mwalimu wa shule na mkewe, na vikongwe wanaoshikana mikono. Kumbukeni, ndugu zangu, ile amri ya uwanjani haikuwa mchezo. Ndege zilikuwa zimepiga mji wa jirani mwezi huo huo, na wengi wao walikuwa wamezika ndugu kule. Je, hawakuogopa? Waliogopa sana! Mwuza nyama, jitu zima la kubeba ng'ombe, meno yalikuwa yanagongana. Lakini walitoka, mpaka rabi akageuka nyuma akaona amebaki na mabenchi.

Akatoka na yeye. Mtunza mlango akafunga mlango, yeye akiwa upande wa nje pamoja nao, kwa sababu hakuna wa kumlinda tena ndani. Na pale gizani, bila taa, bila vitabu, wakaendelea na sala pale ilipokatikia. Aliyesahau maneno alimfuata aliyeyakumbuka. Mahali fulani nyuma ya vilima ndege ilinguruma, sauti ikaja, ikakaa, ikaenda. Hakuna aliyekimbia. Mama Asafu akaona koo lake limefunguka, akaanza kuimba, kidogo kidogo, sauti imepasuka vibaya, na Mama Milka kando yake anaimba vibaya vilevile.

Walipomaliza, rabi akamwambia, "Haya mama, sasa tuingie." Wakaingia wote kwa mlango uleule wa wafiwa, kwa wingi wao, wakisukumana. Hapo mlangoni sasa nani afarijiwe na nani asifarijiwe? Nani angeweza kumtenga mmoja? Mama Asafu aliingia kama walivyoingia wao.

Sasa nawaona. Najua mnachotaka kuniuliza, yule dada pale ameshafungua mdomo. Mwalimu, Asafu alirudi?

Sijui.

Mbona mnaguna? Ndiyo, sijui! Mama yake naye hakujua. Ijumaa iliyofuata hakujua, na ile nyingine hakujua. Alisuka mikate, akauza, akaja sala. Na ninyi mnataka kujua kwa nini? Niwaambie. Mnataka kujua ili mpate la kusema. Mkisikia amerudi mtasema hongera, mkisikia amekufa mtasema masikini, pole yake, kisha mtakwenda kula mioyo ikiwa imetulia. Nikiwanyima mwisho wa habari mnakosa raha, mnaanza kutazama pembeni. Basi ndivyo walivyokuwa wale waliokuwa wanachukua mkate na kukimbia. Sisi ndio hao, jamaa zangu. Tusijidanganye kwamba sisi ni Mama Milka.

Mliniuliza ujasiri wa vitani. Ni huo. Ni kukaa na mtu ambaye habari yake haijaisha, huku na wewe unaogopa, huku huna la kumwambia. Sisi hapa, Wayahudi wachache chini ya mabati haya, tunadhani vita viko mbali, viko redioni. Je, humu ndani hayumo ambaye mumewe alivuka mpaka kutafuta kazi na simu ikanyamaza? Hayumo ambaye binti yake aliondoka kwa hasira na hajui hata yuko nchi gani? Hayumo aliyepimwa hospitali akaambiwa, rudi nyumbani, tutakuita? Wamo. Mnawajua kwa majina. Mmekuwa mkisogea mbali nao kwa adabu kabisa, wapate nafasi. Nikisimama hapa mbele naona benchi zote, na naona zipi zina mtu mmoja.

Msiniitikie amina. Amina ni rahisi, hata aliyesinzia huisema. Inukeni sasa hivi, kabla sijafunga sala, nami nitangoja. Nataka nione nani anahama benchi.