Utomvu Uliopita Motoni

Zama zile, mitungi ilipokuwa bado haijajua kushika maji, utomvu wa msonobari ulikuwa na sura moja tu. Ulichuruzika kwenye jeraha la mti, ukaganda mweupe kama uji uliolala, na popote ulipopakwa ulibaki vilevile: laini, wenye kunata, mchungu, wenye harufu kali. Watu wa mlima wa Kivindu waliupaka ndani ya mitungi kuziba vitundu vya udongo. Jua likiwaka, utomvu ulilegea na maji yakavuja.

Mfinyanzi wao alikuwa Nakijwa, mjane aliyeishi na mama yake na mdogo wake, Senami. Miaka ya mvua hakuna aliyelalamika, kwa kuwa chemchemi ilikuwa karibu. Kisha ukaja ukame. Chemchemi ikakauka, maji yakabaki bondeni, mwendo wa nusu siku kwenda tu.

Mama yao alishikwa na homa. Alfajiri Senami akajitwika mtungi mpya.

“Dada, huu utafika?”

“Utafika. Nimeupaka mara mbili.”

Nakijwa alijua moyoni kwamba mara mbili haikuwa tofauti na mara moja. Lakini mama alikuwa akiomba maji.

Mtungi ulivuja njiani wakati wa kurudi. Senami angeweza kurudi nyumbani mikono mitupu, ila alimfikiria mama yake, akageuka kuteka tena katika jua la mchana. Wachungaji walimkuta ameanguka kwenye mteremko, hana uhai, na mtungi mtupu ubavuni pake. Maji aliyokunywa mama yao siku hiyo yalitoka kwa majirani.

Siku ya tatu baada ya mazishi, homa ya mama ilipokuwa imeshuka, Nakijwa aliitoa mitungi yake yote nje, akailundikia kuni na kuwasha moto.

“Ukiteketeza kazi yako, mwanangu, tutatekea nini?” mama aliuliza kutoka mlangoni.

“Tutatekea viganja, mama. Viganja havimdanganyi mtu.”

Akaketi, akautazama moto mpaka ukafifia. Mitungi ya katikati ilikuwa imepasuka, na utomvu wake umekuwa masizi. Ile ya pembeni kabisa, ambako joto halikufika, ilikuwa na utomvu mweupe kama kawaida. Lakini kati ya hiyo na ile ulikuwapo mmoja ambao ndimi za moto hazikuugusa, ila joto lilikuwa limeupitia polepole. Ndani yake utomvu ulikuwa mwekundu kama asali, unang’aa, mgumu hata ukucha haukuingia. Ule ukali wa harufu ulikuwa umetoweka.

Nakijwa alimimina humo maji machache yaliyobaki nyumbani, akauweka juani. Akaungoja hadi jioni. Chini yake vumbi lilikuwa kavu. Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

“Mpe jirani, kesho akachote,” mama yake alimwambia.

“Hapana, mama. Nitaubeba mwenyewe kwanza.”

Akateremka bondeni. Wakati wa kurudi alisimama mahali pale kwenye mteremko, mzigo kichwani, kwa muda mrefu. Kisha akapanda. Alipoutua mtungi mbele ya mama yake, maji yalikuwa shingoni.

Na tangu siku hiyo utomvu una sura mbili, mweupe mtini na mwekundu mtungini, na ukishapita motoni haurudi tena ulivyokuwa. Wafinyanzi wa Kivindu huupaka mtungi ungali na joto, wala hawauachi utomvu uungue. Na mtungi ukishapoa, mfinyanzi huubeba mwenyewe hadi bondeni na kurudi nao umejaa, ndipo amkabidhi mwenzake, hata akiwa mzee na magoti yanamuuma.