Kiti cha Kushoto

Wapendwa, leo naomba mnisikilize kama watu wanaopiga hesabu, kwa kuwa mfano wangu ni wa hesabu. Nawaambia mapema kwamba mtu nitakayemsimulia hakukosea hesabu yake popote. Kila alichokipima kilitoka sawasawa, na hilo ndilo linalonihuzunisha.

Mtu huyo aliishi katika mji mmoja wa milimani, naye alikuwa na gari dogo la spoti, la milango miwili, alilolinunua likiwa limekwisha kutumika na wengine. Hakuwa tajiri. Alikuwa fundi umeme wa kuajiriwa, mwenye mke, binti mmoja, na mama mjane aliyeishi naye nyumba moja. Kila Jumapili mke na binti walijibana kiti cha nyuma, naye mama akakaa mbele, upande wa kushoto, kitenge chake kimenyooshwa mapajani, kioo cha dirisha kimeshushwa. Njia nzima hadi kanisani alikuwa akiwapungia watu mkono kama mgombea aliyekwisha kushinda. Ndio uliokuwa ufahari wake, wala hakuwa na mwingine.

Mji ule ulikuwa na mashindano ya magari kila mwaka. Yalifanyika kwenye barabara ya vumbi iliyouzunguka mlima; kila gari lilikimbia peke yake huku saa ikihesabu, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye aliyeshinda. Mtu wetu aliingia akawa wa pili. Mwaka uliofuata akawa wa pili tena. Aliyemshinda mara zote mbili alikuwa mwenye kituo cha mafuta, ambaye kila msimu aliagiza vipuri vipya kutoka ng'ambo. Sasa niambieni, mtu wa mshahara atamshindaje mtu wa kituo cha mafuta?

Alikaa akalitafakari jambo hilo kwa utaratibu. Gari huongezewa kasi kwa njia mbili: ama uliongezee nguvu, ama ulipunguzie mzigo. Nguvu inauzwa dukani, na bei yake haikuwa ya mtu kama yeye. Mzigo unapunguzwa kwa spana. Basi akaazima mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia magunia ya viazi, akaifunga kwenye boriti ya banda lake, na kila alichokifungua garini alikipima kwanza ndipo akakiweka kando.

Alianza na zulia, pamoja na lile tabaka zito lililo chini yake la kuzuia joto na kelele. Ikafuata redio. Ikafuata tairi ya akiba na jeki yake. Kisha akakitoa kiti cha nyuma, na tangu hapo mke na binti wakawa wanakwenda ibadani kwa miguu. Hawakulalamika. Aliwaambia kutembea ni afya, nao wakakubali kwamba kutembea ni afya.

Alikuwa na rafiki, fundi magari, aliyekuja jioni kumsaidia. Huyo alilizunguka gari, akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Kaka, humu ndani pamebaki kama debe la mafuta ya taa. Ukiendelea hivi, mwisho utamtoa na dereva."

"Dereva ana kilo sabini na mbili," alijibu. "Nimeshamfikiria."

Wakacheka sana. Walipolijaribu gari mlimani, muda ulikuwa umepungua kweli. Hesabu ilikuwa sahihi.

Kilikuwa kimebaki kiti cha kushoto. Siku alipokifungua, mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa banda, anachambua maharage. Akamtazama mwanawe akikibeba kiti kifuani na kukitundika kwenye ndoano ya mizani.

"Kilo kumi na nne," alisema mwana, naye alifurahi, kwa sababu alikuwa amekisia kumi na mbili.

"Na mimi?" mama akauliza.

"Wewe nini, mama?"

"Nipime na mimi. Tujue mwenye kiti anakizidi kiti kwa kilo ngapi."

Mwana akacheka, na mama akacheka. Kisha mwana akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole wa kweli, "Mama, nitakukodia bajaji. Kila Jumapili itakufuata hapa hapa mlangoni. Utakaa nyuma peke yako kama malkia."

"Bajaji haina ubaya, baba. Ila huyo dereva simjui. Nitaongea naye nini njia nzima?"

"Ni mpaka mashindano yapite tu. Nitakirudisha."

"Haya, baba," alisema mama, akarudi kwenye maharage yake.

Je, alimdanganya mama yake? Hapana, ndugu zangu. Aliamini kila neno alilolisema. Lakini siku chache baadaye akaona kwamba tairi zake zimekwisha, na gari jepesi lenye tairi zilizokwisha ni hasara tupu. Kinyozi mmoja wa mtaa wa pili alikuwa anatafuta kiti kizuri cha wateja wanaosubiri zamu. Kiti cha spoti kina mgongo wa kukumbatia, kinapendeza. Kiti kikaenda kwa kinyozi, tairi zikapatikana. Na kwa kuwa kanuni mpya za mashindano za mwaka ule zilitaka dereva alindwe gari likipinduka, akachomelea mabomba ya chuma ndani ya bodi. Bomba moja likakatiza mlango wa kushoto, kwa maana mlango ule haukuwa na mtu tena wa kuingia.

Siku ya mashindano ikafika. Mji mzima ulipanda mlimani. Pikipiki zilipanda, bajaji zote zikapanda kupeleka watazamaji. Na mtu wetu akashinda. Alimpita mwenye kituo cha mafuta kwa nusu sekunde. Hebu fumba na kufumbua macho, ndiyo hiyo. Akapewa kikombe kikubwa cha kung'aa, akatazama mahali pa kukiweka, akakifunga kwa kamba pale kushoto, penye matundu ya skrubu za kiti. Akateremka nacho kuelekea nyumbani, honi inalia, watoto wanashangilia kando ya barabara.

Mkewe alikuwa amesimama getini, peku.

"Baba Atupele, mama," alisema. "Kifua kimembana, hapumui vizuri. Nimepiga simu mpaka vidole vimeuma."

"Gari la hospitali?"

"Limempeleka mzazi hospitali ya mkoa tangu asubuhi. Bajaji hakuna. Ziko zote huko kwenye mashindano yenu."

Akakata kamba, akakitupa kikombe majanini, akakimbilia ndani. Mama alikuwa amekaa kitandani ameegemea ukuta, kwa sababu akilala alikuwa anakosa pumzi kabisa. Mwana akambeba. Ninyi mnajua kwamba alikuwa amepima kila kitu katika gari lile, mpaka redio, mpaka jeki. Ila uzito wa mama yake aliujua siku ile tu, mikononi mwake, na akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Akamfikisha kwenye mlango wa kushoto. Akamwinamisha chini ya bomba, akamwingiza kwa shida, akamkalisha sakafuni. Kumbukeni, sakafu ile haikuwa na zulia wala lile tabaka la chini, na bomba la moshi lilipita chini yake, na gari lilikuwa limetoka kukimbia mlima mzima. Bati lilikuwa la moto kama kikaango.

"Ni moto, baba," alisema mama, taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

Mwana akatafuta blanketi. Blanketi likatandikwa, lakini hapakuwa na pa kuegemea, wala nafasi ya mtu wa kumshika asianguke, na kila alipoteleza kidogo pumzi ilimpotea. Mke akashika bomba la mlangoni kwa mikono miwili.

"Mtoe," alisema. "Humpakii mama kama gunia la viazi. Hafiki hivi. Mtoe."

Akamtoa. Wakasubiri. Ndugu zangu, nawaomba mkae na picha hiyo kidogo: gari lenye kasi kuliko yote katika mji ule limesimama uani, injini inaunguruma, na mgonjwa ameketi kwenye kigoda kando yake, anasubiri usafiri.

Hatimaye jirani mmoja alitokea na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akitoka kushusha matofali. Kilikuwa na matope mpaka vioo, na kilipopanda mlima kuku walikuwa na muda wa kuvuka mbele yake mara mbili. Lakini mbele kilikuwa na kiti. Mke akaingia, mama akapakatwa, mlango ukafungwa.

"Mimi natangulia," mwana akasema dirishani. "Nitawaambia madaktari wakae tayari."

Akatangulia. Hajapata kuendesha vile hata alipokuwa akishindana mlimani. Alifika hospitali, akapaza sauti, na wauguzi wakatoka mbio na kitanda cha magurudumu na mtungi wa hewa, maana gari lililofika kwa mwendo ule lazima limebeba mtu anayekufa. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akainama kwenye dirisha la kushoto. Akatazama ndani. Akaona mabomba, bati, na blanketi.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Yuko nyuma. Anakuja."

"Nyuma wapi, kaka? Humu hamna mtu."

Alisimama kando ya kitanda kile kitupu, ameshika chuma chake, macho barabarani. Angeweza kurudi kumfuata. Angerudi mara tatu kabla kirikuu hakijafika. Lakini angerudi akambebe kwenye kiti kipi? Basi akasimama. Baadhi ya wauguzi wakarudi ndani kwa wagonjwa wengine. Yule mama wa makamo alibaki naye, na hakumuuliza tena.

Kirikuu kilipotokea kwenye kona, kilikuwa kimewasha taa mchana kweupe, na kilikuja polepole kuliko kawaida yake. Mtu wetu alijua kabla hakijasimama. Haraka ilikuwa imekwisha ndani ya kile kigari. Mke alikuwa bado amempakata mama, na kitenge kilikuwa kimefunika uso.

Baadaye, walipokuwa wameketi kwenye benchi la nje, akamuuliza mkewe, "Alisema neno?"

"Aliuliza uko wapi. Nikamwambia umetangulia." Kisha mke akamalizia. "Akasema, mwambie asikimbize gari, barabara ina watoto."

Baada ya mazishi, yule mtu alikwenda kwa kinyozi. Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye kile kiti akisubiri zamu yake. Akamngojea anyolewe, ndipo akaomba kukinunua tena. Kinyozi alikuwa amesikia habari. Akakinyanyua mwenyewe, akakibeba hadi mlangoni, akakataa malipo. Bomba la mlango likakatwa, kiti kikafungwa mahali pake. Kipo mpaka leo. Kiti kimerudi, mwenye kiti hajarudi.

Sasa sisi.

Nimewaambia kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, na sitaki tumhukumu kwa haraka, maana hakuna siku aliyoamka akasema, "Leo namwondoa mama yangu." Alitoa zulia. Alitoa kiti. Kila alichokitoa kilikuwa na sababu nzuri, na kila mara kasi iliongezeka, na kasi ilipoongezeka alipata ushahidi kwamba yuko sahihi. Je, sisi tunaishije? Tuliacha kumtembelea shangazi kwa sababu ya kazi, na kazi ilikwenda vizuri. Tukaacha kula mezani pamoja kwa sababu ya masomo ya jioni, na vyeti vikapatikana. Yule ndugu anayesimulia jambo moja saa nzima, tukaacha kupokea simu zake, tukaona kweli tumepata muda. Nani kati yetu amemfukuza mtu? Hakuna. Tumefungua skrubu tu.

Na watu wetu wametuambia, "Haya, baba." Tumelisikia hilo tukadhani ni ruhusa.

Mizani ya gunia ina sehemu ya kuandika uzito wa kiti. Haina sehemu ya kuandika kiti hicho kinamngoja nani. Sisi tunaopenda hesabu tuliogope sana jambo hilo, kwa kuwa upungufu wa namna hiyo hauonekani siku ya mashindano. Siku ile unaonekana kama ushindi. Unakuja kuonekana saa ambayo mtu ameketi kwenye kigoda, anakosa pumzi, na sisi tumesimama na funguo mkononi.

Iko siku tutafika, wapendwa. Wengine tutafika kwa kasi, mbele ya wenzetu, na tutapokelewa na Yule ambaye haangalii saa. Atainama dirishani, upande wa kushoto, atatazama ndani, na atatuuliza kwa sauti ya upole swali lile lile la muuguzi.

Leo mkitoka hapa, kabla hamjawasha magari, tazameni kushoto kwenu. Kama kiti bado kipo, mkalisheni mwenye kiti. Msije mkasimama siku ile, mmeshika kitanda kitupu, mkajibu kwamba yuko nyuma, anakuja.