Vita Vilivyoanzia Kwenye Benchi la Wastaafu

Ndugu yangu, hii imenifikia asubuhi nikiwa kwenye foleni, nikacheka mpaka watu wakanigeukia. Nami naisogeza kwako. Kama una kijana nyumbani, au mzee mwenye hadithi nyingi, mpelekee.

Katika kijiji cha Maweni, huko mlimani, walikuwapo wazee watano waliowahi kuwa askari. Walipigana vita zamani, wakastaafu, wakarudi kulima. Kila jioni, mashine ya kusaga ikishazimwa, walikaa kwenye benchi la nje ya mashine hiyo wakakumbushana ya jeshini. Mkubwa wao alikuwa Sajini Mfinanga, mzee mfupi mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima.

Walibishana kwa kila jambo. Mmoja alisema vita humkomaza mtu. Mwingine alimjibu kwamba yeye vita vilimkomaza magoti tu, ndiyo maana hapandi tena mlima. Wa tatu alisema jeshini alijifunza kutandika kitanda, na mkewe anaishukuru serikali mpaka leo. Lakini kwenye kusimulia walikuwa kitu kimoja. Walisimulia vichekesho tu.

Walisimulia habari za mpishi wa kikosi aliyeunguza maharage kila siku, mpaka askari wakaamini ndivyo maharage yalivyoumbwa. Mpishi mwenyewe alikuwa mmoja wa wale watano, na kila jioni alikanusha. Walisimulia habari za kuruta aliyelala huku anatembea, akaiacha njia, akaja kuamkia kwenye zizi la ng'ombe. Na hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Mhina, aliyeiba mbuzi wa kapteni, akampika, kisha akampelekea kapteni huyohuyo ini kwa heshima zote. Kapteni akala, akasifu upishi.

Vijana wa kijiji walijaa pale kila jioni na kucheka hadi machozi. Sasa wewe fikiri mwenyewe. Mtu aliyelelewa kwa hadithi hizo atajua nini kuhusu vita? Atadhani ni harusi yenye bunduki.

Ukaja mwaka wa mvua haba. Maweni na majirani zao wa Mkuyuni walitumia mfereji mmoja, kwa zamu. Maji yalipopungua, zamu zikaanza kuibwa. Leo hawa wanafungulia kabla ya wakati, kesho wale wanaziba mapema. Yakaanza matusi, zikafuata ngumi, na mwisho kijana mmoja wa Maweni akarudi nyumbani amepasuliwa kichwa kwa mpini wa jembe.

Jioni ile Tumsifu, mjukuu wa Sajini, alifika kwenye benchi akiongoza wenzake. Alikuwa kijana hodari ambaye hata ndevu hazijaamua kuota. Macho yalikuwa yanamng'aa kwa furaha.

"Babu, tumeamua," alisema. "Jumamosi tunavamia Mkuyuni na mapanga. Tumekuja mtupe mbinu."

"Mnajua mnachokwenda kufanya?"

"Tunajua, Babu. Na sisi tupate ya kusimulia."

Wazee wote watano wakanyamaza. Benchi lile halikuwahi kunyamaza tangu lipigiliwe misumari.

Vijana walipoondoka, wazee walibishana kwa sauti ya chini. Mmoja alisema waachwe waende, kwani hata wao walikwenda wakiwa vijana. Mpishi akamkatiza. Wao, alisema, walikwenda kwa sababu adui alikwishavuka mpaka na kuchoma nyumba za watu. Hawa wanakwenda kukatana na watoto wa shangazi zao kwa sababu ya zamu ya maji. Sajini aliogopa. Alikwishazika vijana wengi wa umri ule, na hakutaka kumzika Tumsifu.

Nyumbani hakula. Mkewe, Bibi Nakijwa, alimtazama yeye, akaitazama na sahani.

"Baba Eliapenda, hao watoto wamefundishwa na ninyi," alisema. "Kila jioni mnawalambisha asali. Na aonjaye asali huchonga mzinga."

Ukweli ulikuwa umekaa mezani pamoja na ugali. Sajini aliwaza afanyeje. Akiwakataza vijana, hawatamsikia, kwa kuwa hasira imekwisha kuwapanda. Akiwaeleza mabaya ya vita siku hiyohiyo, watasema mzee ameingiwa na woga wa uzeeni. Asubuhi yake alichukua bakora, akaondoka bila kuaga, akarudi jioni akiwa na vumbi hadi magotini. Hakumwambia mtu alikokuwa.

Kisha akawaita vijana wote.

"Nitawaongoza mimi," alisema.

Shangwe ilipanda, wengine wakataka kumbeba juu juu. Sajini akawaambia wamwache chini kwanza wasikie masharti. Kuanzia saa ile wao ni makuruta. Kuruta haulizi, kuruta hachagui. Na hakuna jeshi lenye akili linalokwenda vitani kabla ya kuchimba handaki la kujikinga. Kwa hiyo mapanga yabaki nyumbani, na kila mmoja aje na jembe, au koleo, au sururu.

Alfajiri aliwapanga mstari kwenye ubavu wa kilima kilichotenganisha vijiji vile viwili. Alikuwa amekwishasimika vigingi kuzunguka kilima. Aliwaambia wachimbe kutoka kigingi cha kwanza mpaka kile cha mwisho. Wakatazama, cha mwisho hawakukiona.

Mwanzoni waliimba. Kufikia mchana nyimbo ziliisha, zikabaki pumzi. Kesho yake waliamshwa kabla jogoo hajawika, wakakaguliwa majembe, na mwenye jembe chafu akabebeshwa gogo na kuambiwa akimbie nalo mpaka alipende. Yule mzee mpishi aliwapikia maharage kwa ustadi wake uleule wa zamani. Siku hiyo walijua kwamba hadithi ile, angalau, haikutiwa chumvi.

Wakati mwingine Sajini aliwasimamisha kazi na kuwakalisha juani, bila kazi, bila maelezo. Saa zikapita. Mmoja wao akashindwa kuvumilia.

"Afande, tunasubiri nini?"

"Amri."

"Itatoka lini?"

"Ikitoka."

Kijana mwingine, mwerevu, alitaka kujua ni kwa nini handaki lao lina mwinamo, tena halielekei Mkuyuni. Alikabidhiwa gogo. Wanawake waliopita kwenda kuokota kuni walisimama, wakautazama ule mwinamo, wakatazamana. Wakajifunika midomo kwa khanga na kwenda zao. Hakuna hata mmoja aliyesema neno, jambo ambalo Maweni linakumbukwa mpaka leo.

Jumamosi ilifika na kupita, na hakuna aliyekumbuka kuitaja.

Siku moja wakati wa mapumziko, Tumsifu alikaa kando ya babu yake akitazama viganja vyake vilivyochubuka.

"Babu," alisema, "mbona haya hayakuwamo kwenye hadithi zenu?"

Sajini aliweka bakora chini. Wenzake Tumsifu nao wakasogea.

"Mhina mnamjua?" aliuliza.

Nani asiyemjua Mhina wa mbuzi wa kapteni? Wakaanza kutabasamu hata kabla hajaendelea.

"Kesho yake, baada ya yule mbuzi, tulivuka daraja la magogo," Sajini alisema. "Mhina alikuwa mbele yangu. Akanigeukia, ananiambia ile nyama ilipungua chumvi. Hakumaliza kusema. Mimi nilipigwa mguu, mwenzangu akanibeba mgongoni. Mhina alibaki palepale. Alikuwa na umri wako, Tumsifu."

Hakuna aliyecheka. Sajini aliona haya kulia mbele ya makuruta, lakini alilia, nao wakamwona. Aliwaeleza kwamba miaka yote hiyo wamemsimulia Mhina na mbuzi wake kwa sababu walimpenda mno, na hawakutaka afe tena kila jioni. Ndiyo maana hadithi yake huishia pale kapteni anaposifu ini. Sasa anaona walikosea, kwa kuwa waliwapa watoto nusu, na watoto wakaitamani nusu hiyo.

Tumsifu aliinuka, akashika jembe lake, akarudi kuchimba. Wenzake wakamfuata bila kusubiri amri.

Hatimaye walikaribia pua ya kilima, pale kinapogeukia upande wa Mkuyuni. Ilibaki sehemu ndogo ya udongo mbele yao. Ghafla Tumsifu akainua mkono, wote wakatulia. Nyuma ya ule udongo, majembe mengine yalikuwa yanachimba, yakija upande wao.

"Ni wao," mmoja alinong'ona. "Wanatujia."

Wakashika majembe kwa namna nyingine. Wakamtazama Sajini wasikie amri. Sajini alikuwa amekaa juu ya jiwe, anajaza ugoro puani.

Udongo ukatikisika, ukamomonyoka, ukaanguka. Vumbi lilipotulia, vijana wa Maweni walijikuta uso kwa uso na vijana wa Mkuyuni. Wamesimama kwenye handaki kama lao, wamejaa matope kama wao, na viganja vyao vimefungwa vitambaa vilevile. Walitazamana kwa muda mrefu. Mbele kabisa alikuwapo yule kijana wa Mkuyuni aliyempasua mwenzao kichwa, na alikuwa amechoka kiasi kwamba jembe lake alilitumia kama mkongojo.

"Na ninyi mmeambiwa ni handaki?" aliuliza.

Kabla mtu hajajibu, mzee mmoja mrefu alijitokeza nyuma ya vijana wa Mkuyuni, akajinyoosha mgongo kadiri ulivyokubali, akapiga saluti.

"Sajini, kikosi cha Mkuyuni kimefika."

"Kwa kuchelewa, Koplo Kiangi," alijibu Mfinanga. "Kama kawaida yako."

Tumsifu alimtazama huyu, akamtazama yule. "Babu, mnajuana?"

"Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni pale darajani."

Hapo ndipo mambo yalipofunuliwa. Ile siku Sajini alipotoka na bakora, alikwenda Mkuyuni kwa Koplo Kiangi. Alimkuta naye amekaa hajala, kwa sababu wajukuu zake walikuwa wanatia makali mapanga kwa ajili ya Jumapili. Wale nao walilelewa kwa mbuzi wa kapteni. Wazee wawili wakakumbuka kwamba nyuma ya kilima, upande wa Mkuyuni, kuna chemchemi ambayo maji yake hupotelea korongoni bure. Tangu enzi za babu zao watu walisema ichimbiwe mfereji uzunguke kilima na kuunganishwa na ule wa zamani, ili maji yatoshe pande zote mbili. Kazi ilikuwa kubwa mno kwa kijiji kimoja. Maweni waliwangoja Mkuyuni waanze, na Mkuyuni waliwangoja Maweni, mpaka waliokuwa wanangojana wakafa wote. Basi wazee wale wawili wakakubaliana kila mmoja awachimbishe vijana wake kwa jina la handaki.

Vijana walisikiliza midomo wazi. Wengine walitaka kukasirika kwa kudanganywa, lakini hasira inahitaji nguvu, na nguvu zao zote zilikuwa zimekwisha kuingia ardhini.

Koplo Kiangi alimtuma kijana wake akatoe kizuizi kule kwenye chemchemi. Wakasubiri, na safari hii hakuna aliyeuliza wanasubiri nini. Maji yakaja taratibu, yakisukuma majani makavu na povu. Yakapita katikati ya miguu yao, yakageuka pale kwenye pua ya kilima, yakateremka kuelekea Maweni. Vijana wa vijiji vyote viwili wakakimbia kando yake wakipiga kelele, na akina mama wa kuni, ambao inaonekana walikuwa wanasubiri mahali karibu, wakapiga vigelegele.

Waliporudi, kijana mmoja mwenye damu ya moto akakumbuka.

"Afande, na vita je?"

Sajini alisimama, akakohoa. Akaamuru wote wapange mstari mmoja kwenye ukingo wa mfereji, Maweni na Mkuyuni pamoja, mrefu kwa mfupi. Wakapanga. Akawakagua kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, huku Koplo Kiangi akimfuata.

"Nani bado anataka vita?" aliuliza. "Apige hatua moja mbele."

Mstari mzima ukapiga hatua moja nyuma, na wote wakatumbukia mferejini.

Funzo: Vita hutamaniwa na yule aliyesimuliwa nusu yake. Ukimpa kijana vicheko vya vita, mpe na machozi yake. Na ukimwona anamnolea jirani panga, wape wote wawili majembe.