Mkanda Ulioongezwa Vidole Vinne

Acha kukunja pua. Hujasikia hata neno la kwanza, tayari unauliza kama mambo haya yanawezekana. Wewe uliyekula asubuhi ukashiba, ukala mchana ukashiba, kisha ukashangaa kanzu inakubana kana kwamba imefuliwa na jini, ndiye wa kutilia shaka habari za waja wema? Mwili unaotembea nao kila siku hujui unavyofanya kazi. Keti. Shaka yako iache mlangoni pamoja na viatu.

Wamehadithia waliotutangulia ya kuwa katika mji mmoja wa mitende aliishi mwanamke aliyeitwa Lubaba binti Sahli, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mjane mchamungu, msukaji wa ukili, na ulimi wake ulikata kuliko kisu chake cha kuchania ukindu. Yeye ndiye aliyesuka mikanda ya zawia ya Sheikh Mundhir, nyumba ya ibada na dhikri.

Desturi ya zawia ile ilikuwa hivi. Kila mwaka watu wenye himma waliingia khalwa, kujitenga kwa ibada, siku arobaini. Siku ya kwanza kila mmoja alifungwa mkanda wa ukindu kiunoni, ukapimwa barabara, ncha zikashonwa kwa uzi, usifunguliwe mpaka siku ya mwisho. Wakifunga mchana, wakifuturu kidogo Magharibi, wakishukuru. Hapana ubaya hapo. Ubaya ulikuja mwaka ule Sheikh Mundhir alipotangaza kwamba yeye hatakula kabisa, mchana wala usiku, ila maji tu. Kisha akaongeza neno: "Mkanda ukilegea, imani imelegea. Mkanda ukikaza, imani imejaa."

Watu wakalipokea. Wanaume wenye ndevu zao, waliosoma, hakuna hata mmoja aliyejiuliza tangu lini imani ikakaa kwenye kitambi.

Aliyelipokea kwa moyo wote alikuwa Atika, binti wa Lubaba. Mumewe alikuwa safarini na msafara, habari zake zimekatika, naye alikuwa na mtoto mchanga wa miezi minne, Jumana. Akaweka nadhiri: siku arobaini, akiwa nyumbani na mwanawe, atakula tende tatu tu kwa siku na maji, mume wake arudi salama.

"Mwanangu," Lubaba alimwambia, "sheria yenyewe imemruhusu anyonyeshaye kula hata Ramadhani. Wewe nani amekupa ukali kuizidi sheria?"

"Sheikh amesema maziwa yanatoka kwa imani, mama, hayatoki kwa uji."

"Sheikh amewahi kunyonyesha?"

Atika akaenda zawia. Alifungwa mkanda.

Siku ya thelathini, baada ya Adhuhuri, watu wamejinyoosha, Sheikh alimwita Lubaba chumbani kwake peke yake. Lubaba akamkuta amesimama ameshika kiuno. Mkanda ulikuwa umezama katika nyama, uzi wa mshono umebaki nyuzi mbili.

"Mama Lubaba, ongeza vidole vinne."

Lubaba akatazama kiuno. Kisha akatazama chini, kwa maana sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani mpaka kwenye birika la kutawadhia. Akainama akanusa. Maziwa, asali na samli, vimekorogwa pamoja.

"Sikutafuna, mama," Sheikh alisema upesi. "Kisichotafunwa si chakula."

"Ndama naye hatafuni, Sheikh, na kamba yake ya shingoni hubadilishwa kila mwezi."

Uso wa Sheikh ukabadilika rangi. Akamshika pindo la shela, akasema kwa sauti ya chini, "Nisitiri. Nilianza kwa nia njema, siku ya tatu nikashindwa. Watu wakijua, zawia itavunjika. Kumsitiri Mwislamu ni katika dini, wewe wajua."

Lubaba alijua. Akaogopa fitina, akaogopa kuitwa mzushi. Akaongeza vidole vinne kwa ukindu mpya, akafunga mdomo wake. Na mdomo ule haukuwa na mazoea ya kufungwa. Ulimuuma siku kumi.

Katika siku kumi hizo mkanda wa Atika ulilegea mpaka akawa anaushika kwa mkono anapotembea. Wanawake kisimani hawakumwacha.

"Atika, mkanda unacheza ngoma! Imani inavujia wapi?"

"Mtazame Sheikh, siku thelathini na tano hajala, mkanda wake umekaza kama ngozi ya goma."

Atika akazipunguza tende tatu zikawa moja. Maziwa yakakatika. Mtoto Jumana alilia siku mbili, siku ya tatu akaacha kulia, na kule kuacha ndiko kulikomtisha bibi yake. Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea. Lubaba akamdondoshea maziwa ya mbuzi mdomoni kwa kitambaa, tone kwa tone, huku akimsihi Atika ale.

"Siwezi, mama," Atika alisema, macho yameingia ndani. "Kosa ni langu. Imani yangu haitoshi. Ingetosha, mkanda ungekaza kama wa Sheikh."

Hapo Lubaba akajua ni nani anayewaua wawili hawa. Birika ni la Sheikh, naam. Lakini vidole vinne alivisuka yeye.

Asubuhi ya siku ya arobaini watu walijaa zawia kushuhudia mikanda ikikatwa. Atika aliletwa akiegemea bega la mama yake, na Jumana amebebwa na jirani. Aliposimama, mkanda ukateremka mpaka kwenye nyonga. Watu wakanong'ona. Sheikh Mundhir akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Moyo wa mtu una siri zake. Tumwombee."

Tumwombee! Alisema hivyo, na samli bado inang'aa midomoni mwake.

Lubaba akatoa kisu. Akakata mkanda wa Atika kwanza, kisha wa Sheikh, watu wakaleta takbira. Hakungoja ziishe. Akainua mkanda wa Sheikh juu.

"Tazameni. Ukindu wa siku arobaini umekuwa wa manjano. Kipande hiki je? Kingali cheupe. Vidole vinne, nilivitia kwa mkono wangu siku ya thelathini, kwa sababu tumbo la Sheikh lilikuwa halienei. Nikanyamaza, nikidhani nasitiri aibu ya mtu. Astaghfirullah. Nilikuwa nafunika kisima wazi kwa jamvi, na binti yangu ndiye aliyekanyaga."

Mzee mmoja akamaka. "Binti Sahli! Unamzulia walii?"

"Walii anywe maji tu siku arobaini anenepe? Mwili wa mwanadamu ni meko, mzee wangu, na meko haya hayazimwi. Umelala, moyo unataka kuni. Umenyamaza, pumzi inataka kuni. Hata joto la mkono wako huo unaoninyooshea ni kuni zinazoungua. Ukila, unaunguza unachohitaji, kinachozidi mwili unakiweka akiba, kidogo katika ini, kingi katika mafuta chini ya ngozi. Usipokula, unaila akiba ya ini, siku haipiti imekwisha. Unageukia mafuta. Mafuta yakipungua, unakula nyama ya mikono na mapaja, kama mwenye nyumba anayechoma milango yake apate kupikia. Na mama anyonyeshaye ana meko mawili! Mkanda wa binti yangu haukulegea kwa kukosa imani. Umelegea kwa sababu yeye ndiye aliyesema kweli. Mwili wake umeshuhudia, na wa Sheikh umeshuhudia. Leteni birika lake la udhu mlinuse!"

Likaletwa. Likanuswa. Hakuna aliyetoa takbira.

"Sikutafuna," Sheikh Mundhir alisema, akatazama chini, na neno hilo likawatosha.

Mtu mmoja, kwa aibu, akaleta sinia ya nyama ya kondoo, akaiweka mbele ya Atika. Lubaba akaisukuma kwa mguu. "Mnataka kummalizia? Tumbo lililosahau kazi halitwishwi mzigo wote siku moja. Uji mwepesi, kijiko kijiko, leo na kesho." Akamgeukia binti yake. "Na nadhiri ya kumuua mtoto si nadhiri. Kunywa."

Atika akanywa kijiko kimoja. Kisha cha pili.

Basi ewe uliyekuwa unakunja pua, zingatia. Mwenyezi Mungu ametupa mwili uwe amana, akaujaalia mizani isiyopokea hongo: kilichoingia unakijua, kilichokosekana unakijua. Anayewadanganya watu kwa jina la dini huenda akaaminiwa na mji mzima. Kiuno chake hakimwamini.

Lubaba akamfunga Jumana mgongoni, akamshika Atika mkono. Walipofika mlangoni Sheikh Mundhir akaita kwa sauti ya mtu aliyevunjika, "Mama Lubaba, niombee."

"Nitakuombea," alisema, "nikishawalisha hawa."

Akatoka, akaufunga mlango.