Mgongo wa Wageni

Naleta ngano!

(Ilete!)

Ina ukweli?

(Tudanganye vizuri!)

Basi, zamani sana, zamani hasa, palikuwa na kijiji cha wanyama kilichoitwa Mwisho wa Njia. Kilikuwa ng'ambo ya mto mkubwa. Serikali ya Simba ilikuwa upande wa pili, pamoja na soko, shule, na Mama Kobe, mkunga pekee wa nchi ile.

Daraja halikuwapo.

Wanakijiji walivuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Mwaka mmoja Digidigi alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati mawe yamefunikwa na maji. Hakufika kwa Mama Kobe. Mtoto akafa. Sasa Digidigi alikuwa mjamzito tena, na kila asubuhi alikwenda kuyatazama yale mawe.

Mtaniuliza, kwani Kiboko hakuwepo? Alikuwepo. Lakini mnajua makabati yetu: vikombe vizuri ni vya wageni, mwenye nyumba anywee cha plastiki. Basi mgongo wa Kiboko ulikuwa wa wageni. Ulitandikwa mkeka mpya, na mwenyeji hakuugusa. Mgeni naye hakuachwa alowe hata ukucha. Ndiyo desturi, na waliionea fahari.

Siku moja Simba akatoa fungu la fedha kwa ajili ya vijiji vya mbali. Akaja Bwana Ngiri, mkaguzi, faili kwapani. Akavushwa na Kiboko juu ya mkeka. Akala, akashiba.

"Haya, shida yenu nini?"

"Daraja, mheshimiwa," akasema Mwenyekiti Nyumbu. "Mto unatumaliza."

Bwana Ngiri akatazama kwato zake. Kavu kabisa. Akaandika: *Mahali hapa ni pakavu.*

Mwezi uliofuata likaletwa tangi la maji.

Wanyama wakalizunguka. Wakatazama tangi, wakatazama mto, wakatazamana.

"Hili la nini?"

"Sijui. Tumekosea wapi?"

"Labda mchuzi ulipungua chumvi," akasema Nyumbu.

Bwana Ngiri akaja mara ya pili. Safari hii walimzungushia pazia, asirukiwe na matone. Akavushwa akisoma faili lake. Akala, akashiba.

"Daraja, mheshimiwa. Mto!"

"Mto upi? Mimi sikuuona." Akaliona tangi. Akaandika: *Maji yamefika. Wananchi wanafurahi.*

Mwezi uliofuata likaletwa jiwe la uzinduzi, lenye jina la Simba.

"Tumezindua nini?" akauliza Kiboko.

"Sijui," akasema Nyumbu. "Lakini nilipiga makofi. Labda tuongeze ngoma."

Mara ya tatu mvua zilikuwa zimekolea, na mawe hayaonekani. Ngoma zinalia, mkeka umetandikwa, Kiboko anataka kwenda kumchukua mkaguzi. Mara akaja Digidigi, amejikunja.

"Kiboko, nivushe. Wakati umefika."

"Dada'angu, huu mgongo ni wa mgeni."

"Mgeni ana uchungu?"

"Hana."

"Basi atangoja." Akapanda.

"Mkeka!" Nyumbu akapiga kelele. "Mkeka utachafuka!"

"Mwenyekiti, mkeka ukirudi kautandike kwako ulalie," akajibu Digidigi.

Kiboko hakujua amsikilize nani. Miguu yake ikajua. Akaingia majini.

Upande wa pili Mama Kobe akaja ukingoni, akamtazama Digidigi mara moja tu. "Asishushwe, atazalia hapohapo. Na wewe Kiboko, usitikisike."

"Na mimi nitavukaje?" akauliza Bwana Ngiri, aliyekuwa akingoja hapo kuvushwa. Harufu ya vyakula ilikuwa inamfikia.

Mama Kobe hakuinua hata kichwa. "Una miguu minne, baba. Itumie."

Bwana Ngiri akaingia. Maji yakafika magotini. Akasema, "Ah, kidogo tu." Yakafika tumboni. Akasema, "Mh." Yakafika puani. Hakusema kitu.

Mto ukamzoa, ukamgeuza, ukamtupa kwenye matete upande wa kijiji, bila faili. Akasimama, maji yanamchuruzika.

"Kumbe kuna mto!"

"Ndicho tulichokuwa tunasema, mheshimiwa."

"Hamkusema! Mlinipikia!"

Wakati huohuo, kutoka ng'ambo, kikasikika kilio chembamba cha mtoto. Ngoma zikanyamaza zenyewe.

Kiboko alimrudisha Bwana Ngiri ng'ambo, naye akaenda kwa Simba akiwa bado anachuruzika. Hakuandika, alisimulia. Daraja likajengwa kabla mawe hayajaonekana tena. Wa kwanza kulivuka alikuwa Digidigi, polepole, na mtoto wake ubavuni.

Nyumbu alibaki ukingoni, anakuna pembe. "Sasa wageni tutawaheshimu kwa kitu gani?"

Mpaka leo anauliza.

Mafunzo, wenzangu, ni haya: anayekuja kupima shida yako usimfichie shida hiyo kwa adabu. Mwache aionje. Na kilicho kizuri nyumbani kwako, kianze kumfaa aliye na dhiki nyumbani kwako.

Yangu yamekoma hapo. Aliyeelewa, akamweleze mwenyekiti wake.