Mkeka wa Mkasi

Hapo zamani, mkeka wa harusi ulipokuwa bado haununuliwi sokoni, palikuwa na kijiji cha wasukaji. Msichana akichumbiwa, kila rafiki humsukia ukili mmoja, yaani utepe mrefu wa ukindu, naye huziunga kili zote kwa sindano mpaka ziwe mkeka. Mkeka ukiwa mpana, basi bibi harusi ana watu.

Mkasi alichumbiwa na Shomari, kijana mtanashati, ulimi asali. Siku moja Shomari akasema ukili wa Tunu haumpendezi, maana Tunu ni mdaku. Mkasi akaufumua. Shomari akasema ukili wa Mwaija nao haufai, maana Mwaija anacheka hovyo. Mkasi akaufumua. Akakatazwa kisima hiki, akakatazwa ngoma ile, na kila akitoka anaulizwa alikuwa na nani. Mkeka ukazidi kuwa mwembamba, na wanakijiji, macho wanayo, wakasema bwana harusi anapenda mkeka mwembamba. Baba yake Mkasi, Mzee Kingwele, akacheka: wivu ndio mapenzi yenyewe.

Ndipo Shomari akamsokota Mkasi mkono, ukavimba, hata sindano ikamshinda. Mkasi akasema ameteleza kisimani.

Tunu hakukubali. Akamwambia, "Kisima hakiachi alama za vidole." Mkasi akamfukuza kwa matusi. Tunu akarudi, akafukuzwa. Akarudi tena, akakaa mlangoni anasuka, haulizi kitu.

Akaja Bi Hanuni, mama mzazi wa Shomari. Akapandisha mkono wa gauni, akaonyesha kovu la zamani.

"Baba yake alianza hivi hivi. Shomari ni mwanangu, nampenda, lakini wewe usije kuolewa kwangu."

Mkasi akalia, kisha hasira ikamkausha machozi, akamwambia baba yake kila kitu. Shomari alipokuja, Mzee Kingwele alisimama mlangoni na mundu, akamwamuru achukue posa yake aende. Shomari akaapa atabadilika. Mkasi akampita baba yake, akasimama mbele.

"Sikutaki. Sikutaki leo, wala ukibadilika."

Shomari akaondoka. Rafiki zake wakarudi na kili mpya, mkeka ukawa mpana kuliko yote kijijini.

Lakini mila ilisema mkeka wa harusi iliyovunjika haukai nyumbani. Hupewa aliyemwokoa binti. Wala haukatwi, ukikatwa unafumuka.

Tunu akasema ni wake, kwani alitukanwa na akarudi. Bi Hanuni akasema ni wake, kwani amempoteza mwana kwa kusema kweli. Tunu akamjibu kwamba kweli hiyo alikuwa nayo tangu siku ya posa. Mzee Kingwele akasema mlango aliuziba yeye, na Bi Hanuni akamkumbusha ni nani aliyekuwa akicheka.

Mkasi akautandika mkeka uani, akakaa katikati, akanyoosha miguu.

"Nawashukuru nyote. Lakini aliyeambiwa afumue ni mimi, na aliyekataa ni mimi. Sifumui tena, na mkeka sitoi."

Wazee wakafoka kwamba mila imekanyagwa. Yeye akachukua sindano, akaendelea kushona ukingo.

Haya, ninyi mnaosikiliza hadithi hii, msinitazame mimi. Mkeka ni mmoja. Je, nani alistahili kuukalia?